Maziwa ya Fausta

Tumati,
3 Desemba 2003

Mdogo wangu Maximilian,

Salamu nyingi kutoka kwa Mama na kwangu. Sisi hatujambo kwa kadiri ya watu waliofiwa. Mama anasumbuliwa na magoti, mvua imenyesha kidogo ikakata, na yule ng'ombe mwekundu amezaa jike. Msalimie sana wifi yangu Fausta. Mwambie pole yake ya kufiwa na Alfredi bado ninayo moyoni. Nilishindwa kuja kumzika mtoto wenu kwa sababu mdogo wetu Justina alikuwa kitandani hajiwezi, na sasa Justina mwenyewe tumemzika bila wewe. Mwaka huu umetupiga kweli kweli.

Mtoto wa Justina anakuja kwako. Anakuja na katekista Basili na mkewe, wanaokwenda harusini Katesh, na ndio waliobeba barua hii. Usinikasirikie. Tangu tumzike mdogo wetu Mama amesema lazima tukae metimani, tujitenge na watu kama walivyokaa wazee, kwa kuwa binti amezaa bila kuolewa na tena amefia nyumbani. Amelaza tawi la mti njiani ili mtu asiingie wala sisi tusitoke. Siendi sokoni, siendi kisimani wakati wenzangu wapo, na kanisani nimeacha mpaka atakaposema yeye. Padre alikuja kubishana naye akarudi alivyokuja. Mama anasema mtoto mchanga akikaa ndani ya nyumba yenye mkosi hatapona. Nimebishana mpaka sauti imekauka, nikaona heri akae kwenu kuliko kukaa akiangaliwa kwa jicho hilo.

Kelvin ana miezi saba, hasumbui. Neno moja ulishike: anywe maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, na uji. Ziwa la mwanamke asipewe kabisa. Justina hakumnyonyesha hata siku moja, alijifunga kanga kifuani mpaka maziwa yakakauka. Sababu usiniulize kwenye karatasi. Barua zetu zinapita mikono mingi.

Dada yako,
Marieta


Balangdalalu,
20 Januari 2004

Dada Marieta, shikamoo.

Mfikishie Mama shikamoo yangu pia, na umwambie magoti yakiuma akae, kazi ya kutuamuru haihitaji magoti. Sisi wazima. Jenifa ameingia darasa la nne na mwandiko wake umenishinda mimi baba yake. Biashara ni ya kubangaiza. Tangu wanunuzi wakubwa wa Arusha waruhusiwe kuja mnadani wenyewe na malori yao, sisi wachuuzi tunaokota makombo. Nilikuwa Singida na ng'ombe wa watu mpaka baada ya mwaka mpya, ndiyo sababu ya kuchelewa. Barua yako niliikuta juu ya kabati haijafunguliwa. Fausta si mtu wa kufungua barua yenye jina langu.

Kelvin alifika salama. Mke wa Basili alisema anakunywa maziwa ya ng'ombe, na Fausta akawa anayachukua kwa jirani yetu Gidahosh. Huyo ni mfugaji, Mbarabaigi, mtu mwema kabisa. Lakini huku mvua imekataa, na Gidahosh amehamisha kundi lake kwenda kutafuta majani upande wa Basotu. Mtoto akawa analia, uji anautema. Fausta maziwa yalikuwa hayajamkauka yote tangu tumzike Alfredi. Alikaa chini akampa ziwa, na mtoto akalishika kama aliyezaliwa nalo.

Mimi nilirudi nikakuta mambo yamekwisha tendeka, ndipo nikasoma onyo lako. Dada, mke wangu tangu Alfredi afe alikuwa hasemi na mtu. Sasa hivi ninapoandika ninamsikia jikoni anamwimbia mtoto. Unataka nimwambie nini, na wewe mwenyewe hukuandika sababu?

Na hilo tawi la Mama, mwambie lingelazwa huku ningelifanya kuni.

Mdogo wako,
Maximilian


Tumati,
16 Februari 2004

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo, anasema usitanie tawi. Bado tumo ndani. Vitunguu saumu vya wenzetu vimebebwa na walanguzi, vyetu vinaota kwenye gunia. Barua zangu ninaziweka juu ya jiwe pale njiani, na mwalimu Sebastiani akipita anazichukua nikisharudi nyuma. Siku asipopita, barua inalala pale na umande.

Sasa nitaandika nililokataa kuandika. Bahasha nimeibandika kwa ugali pande zote. Isome peke yako.

Justina alikufa kwa UKIMWI. Alipokuwa mjamzito walimtoboa kidole kliniki, wakaweka tone la damu kwenye kijiti cha karatasi, ikatoka mistari miwili. Mmoja maana yake huna, miwili unavyo virusi. Wakarudia kwa kipimo kingine, ikawa hivyo hivyo. Wakampa kidonge cha kumeza uchungu ukianza, na mtoto akapewa matone alipozaliwa. Wakamwambia njia iliyobaki ni maziwa yake, akiiziba mtoto anaweza kupona. Akaiziba. Nilimwona akikamua maziwa yake kwenye majivu, mtoto yuko mikononi mwangu analia njaa, naye mwenyewe analia. Ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya mdogo wetu duniani, na aliifanya vizuri.

Hatujui kama mtoto anao. Akipimwa mapema, kipimo kinaonyesha kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama yake, kinaweza kusema anao na kumbe hana. Walisema aletwe akifika mwaka mmoja. Kikisema hana, tushukuru. Kikisema anao, arudiwe akipita mwaka na nusu.

Ninayemwogopea leo ni Fausta. Mtoto anaota meno, akimng'ata chuchu akatoka damu itakuwaje? Mwachisheni leo. Na ninyi wawili mkapime.

Ni mimi,
Marieta


Balangdalalu,
9 Machi 2004

Dada, shikamoo.

Tunaendelea. Mvua imeanza kunyesha, Jenifa ana mafua. Mnada wa mwezi uliopita ulikuwa vumbi tupu, ng'ombe wote mbavu nje.

Barua yako nimeisoma na nimeichoma. Nilikaa nyuma ya zizi muda mrefu. Justina nilimbeba mgongoni mimi, unakumbuka, na alikuwa mzito. Ungeniambia mapema, Marieta. Miezi yote hiyo unanizungusha na maneno ya maziwa ya kuchemsha.

Fausta nimemwambia. Nilidhani atamtupa mtoto chini. Alimkumbatia akaniambia kama ni kupata amekwisha pata, na hawezi kuzika watoto wawili mwaka mmoja. Nimebembeleza, nimegomba, hasikii. Atamleta Mbulu akapimwe akifikisha mwaka, uwapokee.

Ila wa kupimwa ni mtoto. Fausta nimemkataza. Mke wa mtu akionekana kwenye lile dirisha la maabara, kesho mnada mzima umejua, na mimi nakula kwa kuaminiwa na watu. Kuhusu mimi usijisumbue. Ni mzima kama fahali, na damu yangu ninaijua mwenyewe.

Maximilian


Tumati,
30 Aprili 2004

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za furaha kutoka kwangu na kwa Mama, ambaye baada ya Pasaka aliondoa tawi kwa mkono wake. Nimekwenda sokoni, nimesalimiana na watu, nimekunywa chai mezani kwa watu. Hujui utamu wa kuulizwa bei ya kitu mpaka ukae metimani.

Sasa keti, halafu usome. Kelvin hana.

Fausta alifika Mbulu Jumatatu, mtoto mgongoni, amenenepa mpaka shingo haionekani. Kesho yake tukaenda hospitali. Wifi yangu aliona haya kuingia, akakaa kwenye benchi na kinamama wengine, mimi nikaingia na mtoto. Mpimaji anaitwa Nicodemo, kijana mpole. Aliniuliza habari za mama yake nikamweleza. Akauliza, ananyonya? Nikamjibu haraka haraka, mama yake hakumnyonyesha hata siku moja. Akasema vizuri sana, akaandika. Akamtoboa kisigino, akaweka damu kwenye kijiti, tukangoja. Mimi macho nilikuwa nimeyafumba, nasali. Akanigusa bega. Ulikuwa mstari mmoja.

Alinipa majibu tukiwa tumesimama mlangoni, mlango wazi, anacheka. Akasema kama hanyonyi hakuna haja ya kurudi, Justina alifanya kazi kubwa. Nikatoka nje nikamkuta Fausta amesimama, nikamtikisia kichwa kwamba hana. Alikaa chini palepale kwenye vumbi na mtoto wake, akafungua blauzi, akamnyonyesha mbele za watu wote.

Nilimwambia apime na yeye, tuko palepale. Akasema umemkataza, na kwamba sasa hofu gani, mtoto kama hana hakuna alichomwambukiza. Nikaona ni kweli. Basi mwache amnyonyeshe mpaka achoke. Justina angemwona angempigia magoti.

Dada yako anayekupenda,
Marieta


Balangdalalu,
21 Juni 2004

Dada Marieta, shikamoo, na kwa Mama pia.

Habari yako tuliipokea kwa furaha, samahani sikujibu, nilikuwa safarini. Mahindi tumevuna kiasi. Gidahosh amerudi na ng'ombe wake, maziwa yapo mpaka tunagawia mbwa. Kelvin anatembea akishika ukuta. Fausta alitoka malengelenge ubavuni upande mmoja, wanaita mkanda wa jeshi. Yamepona, ila amepungua mwili.

Nina ombi. Mwandikie Fausta amwachishe mtoto. Ana meno kinywa kizima, anakula ugali na maharage, ananyonya nini tena? Mimi nikimwambia ananiona mkorofi, lakini wewe anakusikia. Mwandikie mapema, tafadhali. Sababu siyo ya kuandika. Ni vizuri tu aachishwe.

Maximilian


Tumati,
18 Julai 2004

Mdogo wangu,

Salamu. Baridi ya huku mwezi huu inauma mifupa, Mama hatoki jikoni. Mbaazi zimekubali.

Ombi lako limenichekesha. Una wivu na mtoto, sivyo? Mimi nilikuambia asinyonye, usiniulize sababu, ukanijibu umwambie nini mkeo, na mimi mwenyewe sikuandika sababu. Leo nakurudishia maneno yako yote. Ukiwa na sababu iandike. Kama huna, tulia.

Pale hospitali Fausta aliniambia kitu ambacho sijakuambia. Alisema wale wawili aliowazika, Alfredi na yule wa kabla yake, wote waliondoka kabla ya kutembea, na huyu ndiye anayetaka kumwona akitembea na ziwa lake mdomoni. Mimi kumwandikia mtu wa hivyo eti amwachishe, siwezi. Mtoto ni mzima, tumeona kwa macho. Mwache.

Mwambie ale vizuri, na wewe umpe muda wa kupumzika.

Marieta


Balangdalalu,
28 Novemba 2004

Dada, shikamoo.

Jenifa amefaulu mtihani wa darasa la nne. Mvua bado.

Fausta anaumwa. Anakohoa tangu Septemba, kinywa kimejaa utando mweupe, hawezi kulima wala kuchota maji. Kelvin naye tumbo linamwendesha, likikaa siku mbili linarudi. Utando huo huo naye anao. Ameacha kutembea, anataka kubebwa tu. Zahanati wametoa vidonge vya aina zote.

Ninawaleta kwako kwa basi la Jumamosi, yaani wanakuja, mimi nina ng'ombe wa watu njiani siwezi kuwaacha. Jenifa atamsaidia mama yake kubeba mtoto. Hospitali ya huko ni kubwa kuliko huku.

Usiwe mkali kwa Fausta. Hajafanya lolote.

Maximilian


Tumati,
23 Januari 2005

Maximilian,

Salamu. Mama yupo. Jenifa yupo, nimemwandikisha shule hapa kwa mwalimu Sebastiani. Nimechelewa kuandika kwa sababu mwezi mzima tulikuwa tunakwenda hospitali na kurudishwa, vipimo vilikuwa vimekwisha, vinasubiriwa kutoka Arusha. Huu mkoa wetu mpya bado unasubiri vitu vyake mlangoni kwa watu. Vilifika juma lililopita.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, hata kama hutaki.

Nicodemo alinikumbuka. Alimtazama mtoto, akamtoboa kidole. Mistari miwili. Akachukua kipimo cha pili, kikasema hivyo hivyo. Akakaa akikiangalia. Akaniuliza, mama yake si alikufa bila kumnyonyesha? Nikasema ndiyo. Akasema mwaka jana niliona mwenyewe hana, mtoto wa umri huu haokoti virusi barabarani, kuna damu aliyotiwa au kuna ziwa alilonyonya. Ni nani anamnyonyesha?

Fausta alikuwa ndani safari hii, amekaa kwa kuwa hawezi kusimama. Akasema, mimi.

Nicodemo akamwomba kidole. Akatoa bila kuuliza. Alipoona kijiti alisimama, akanitoa mimi nje na mtoto, akafunga mlango. Nilikaa kwenye benchi. Nilijua kabla hawajatoka. Na hapo kwenye benchi, mdogo wangu, nikakumbuka mlango mwingine.

Mwaka 2001 Baba alipopasuliwa tumbo pale pale, ndugu tuliombwa damu. Sisi sote tulitolewa damu, tukangoja nje. Wale ambao kundi lao halikulingana na la Baba waliambiwa dirishani mbele za watu, wewe hulingani, nenda nyumbani, na wengine wakacheka. Mimi niliambiwa hivyo. Wewe uliitwa ndani, mlango ukafungwa. Ulipotoka ulisema damu yako hailingani na ya Baba, akaingia binamu yetu Patriki badala yako. Ukapanda basi siku ile ile, hata hukungoja Baba aamke.

Nilimuuliza Nicodemo kama mtu anaweza kufungiwa mlango kwa sababu ya kundi la damu. Alisema tu kwamba mambo ya kundi wanasemea dirishani, na mlango wanaufunga kwa jambo moja.

Sisi wote tulikuwa tunamwogopea Fausta kwa ajili ya mtoto. Hakuna aliyemwogopea mtoto. Mimi nilikuwa na meno ya Kelvin kichwani, nikaulizwa kama ananyonya nikajibu habari za maiti. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba mwache anyonye. Hilo nitakwenda nalo kaburini. Lakini mimi sikujua.

Wewe uliniandikia damu yako unaijua mwenyewe. Mwezi wa sita ukaniomba nimwachishe mtoto, na sababu ukasema siyo ya kuandika. Mstari mmoja wa sababu, Maximilian, Kelvin alikuwa bado na muda wa kuponea.

Siku ile mlango ulipofungwa walikuambia nini? Nijibu hilo tu. Fausta anauliza, siyo mimi. Alipotoka kule ndani hakulia. Aliniuliza, na Alfredi je?

Marieta


Balangdalalu,
15 Februari 2005

Dada Marieta, shikamoo. Shikamoo Mama.

Natumaini mu wazima. Mimi mzima, ni kikohozi tu cha vumbi. Huku mvua imenyesha vizuri mwaka huu, mahindi yanafika magotini. Gidahosh anauliza habari za mtoto kila siku, nimemwambia anaendelea. Mnada umechangamka, watu wa Arusha wanalipa vizuri. Paa la jikoni nimeziba pale palipokuwa panavuja, Fausta alikuwa analalamika sana. Mwambie mbuzi wake amezaa mapacha, wote majike.

Swali lako nimelisoma. Mambo ya mwaka ule ni mengi, Baba alikuwa anakufa, nani atakumbuka milango. Hospitali wana njia zao.

Je, Kelvin anakula? Alikuwa anapenda viazi vilivyopondwa, usitie chumvi nyingi. Ukimpa usiku akiwa amelala nusu, anakula zaidi.

Mwambie Jenifa baba yake anakuja. Nitakuja mvua zikipungua, tukae tuzungumze kama ndugu, mambo haya hayafai kwenye karatasi. Mimi sina mwingine ila ninyi.

Mdogo wako,
Maximilian


Tumati,
20 Machi 2005

Maximilian,

Sina salamu.

Kelvin amekufa Jumanne asubuhi. Viazi nilimpa, kama ulivyosema, bila chumvi. Alikula vijiko viwili siku ya Jumatatu na tukafurahi. Amezikwa karibu na Justina. Fausta alitaka kumbeba mwenyewe mpaka kaburini, akashindwa njiani, Jenifa akampokea. Kelvin alikuwa amefikisha mwaka mmoja na miezi kumi na moja. Alitembea, hilo Fausta aliliona.

Nicodemo anasema dawa za kurefusha maisha zimeanza kutolewa kwenye hospitali kubwa, na huku zitafika. Amemwandika Fausta jina. Hakuna anayejua zitafika lini, na Fausta sasa anapimwa uzito akiwa amekaa. Habari za mbuzi wake nilimwambia. Akaniuliza, na swali langu amelijibu? Nikamwambia barua ilikuwa fupi.

Jenifa tumempima. Hana. Nicodemo alituambia mlangoni, mlango wazi, na mimi sikuweza kufurahi. Nilisimama pale namngoja aturudishe ndani aseme amekosea.

Unasema utakuja tuzungumze kama ndugu. Miaka mitatu na zaidi ulikuwa na neno moja la kusema, na karatasi ulikuwa nayo, na bahasha, na basi lilikuwa linapita. Ulijua wakati unamletea Fausta kanga ya kumbebea Alfredi. Ulijua nilipokuandikia mwache anyonye, ukaisoma, ukaikunja, ukaenda mnadani. Sina la kuzungumza na wewe.

Baada ya mazishi nilimngoja Mama aseme. Safari hii hakusema, amechoka, anaangalia moto tu. Basi nimetoka mimi mwenyewe na panga, nikakata tawi la mti pale pale alipokata mwaka ule, nikalilaza njiani. Mimi niliyekuwa ninalichukia. Watu wa hapa wanapita mbali, hawaulizi kitu, na padre nimemwambia asije kubishana.

Fausta yuko ndani na mimi. Jenifa yuko ndani. Mama yuko ndani. Uliwahi kusema ungelifanya kuni. Ukija utalikuta hapo njiani, Maximilian. Usilivuke.

Marieta